Rais wa Wenyewe

Shemeji yangu hakupata kukanyaga Marekani na wala hana hamu, lakini mwaka ule alipoapishwa rais wao mpya alikuwa anajua habari za ikulu ya kule kuliko habari za mtaa wake wa Matrah, Oman. Amestaafu zamani, miguu inamsumbua, na televisheni ya chumbani kwake hailali. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kwangu Khuwair ya Kusini, yeye na mkewe, akavua kofia, akaiweka juu ya goti, na kabla wali haujapakuliwa tulikuwa tumeshafika Washington.

Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, humwita Ami kwa kuwa ni ndugu wa baba yake, na kwa kulisikia sana jina hilo hata mimi nikalizoea. Mume wangu alipofariki binti alikuwa bado mdogo, na Ami ndiye aliyemlea nusu ya malezi. Yeye ndiye aliyemfundisha mchezo wao wa kahawa. Huku Oman kuna desturi ya zamani: mgeni mwenye haja nzito akimiminiwa kahawa haigusi, huiweka chini mbele yake. Mwenye nyumba akiiona ile kahawa imewekwa anajua kuna jambo, na akiwa muungwana humwambia, "Umepewa, kunywa," kabla hata hajaambiwa ni jambo gani. Wazee walitumia desturi hiyo kumaliza magomvi ya kabila na kabila. Binti yangu aliitumia kupata baiskeli. Alikaa mbele ya kikombe kile kidogo, mikono mapajani, amenuna, na Ami akisema, "Haya, umepewa, kunywa," na kisha huuliza, "Enhe, nimetoa nini?"

Baiskeli aliipata. Baadaye alipata na ruhusa ya kwenda kusoma Marekani, ingawa hiyo ilichukua vikombe vingi.

Sasa Ami alimpenda yule rais mpya, au ndivyo tulivyodhani. "Yule anasema liliopo moyoni mwake," akituambia. "Waliomtangulia wakikupiga huku wanakuchekea. Huyu akikupiga, unajua umepigwa." Tulibishana kama siku ya kuapishwa uwanja ulijaa au haukujaa. Tulibishana kama mtu kupendwa na watu wake kunatosha kuwa ni kazi, au kazi ipimwe peke yake. Ami alisema kaahidi, kafanya, mnataka nini tena. Binti yangu akamjibu kwamba kuahidi jambo baya na kulitimiza si sifa. Akili yangu ilikuwa upande wa binti, lakini masikio yangu yalikuwa kwa Ami, maana yeye alikuwa anachekesha, na binti yangu akianza siasa hana utani.

Alikuwa na sababu. Kule chuoni, kabla hajarudi nyumbani, aliishi nyumba moja na msichana wa Yemen, wakapika pamoja na kufunga Ramadhani pamoja. Amri ya rais yule ya kuzuia watu wa baadhi ya nchi wasiingie Marekani ilipotoka, mama wa yule msichana alikuwa ameshafunga sanduku aende kumwona mwanawe, na safari ikafa. Binti yangu alizungumza naye kwenye simu, akatoka chumbani macho mekundu. Kwake yeye rais yule hakuwa mtu wa kwenye televisheni tu.

Nimewahi kujiuliza kwa nini tulikuwa tunakazana vile. Ofisini kwetu, huko huko Khuwair, ilikuwa hivyo hivyo, wanaume wamesimama ukumbini na chai zao za maziwa, mmoja anamtetea, mwengine anamlaani, faili zinangoja. Hakuna kati yetu aliyempa kura wala aliyeweza kumnyima. Labda ndiyo ilikuwa raha yake. Rais wa wenyewe unamsema utakavyo: ukimsifu hakupi cheo, ukimtukana hakuiti. Unaweza kumwaga kwake maneno yote ambayo huna pengine pa kuyapeleka. Wakati ule sikujua kwamba Ami naye alikuwa na maneno ya namna hiyo, tena ya miaka mingi.

Binti alikuwa ameshachumbiwa. Kijana ni mtu mwema, ana adabu, na akdi ya ndoa ilishapangwa iwe mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa binti hana baba wala babu wala kaka, walii wake, yaani mwanamume wa kumtoa na kumwozesha, ni Ami. Ami asipokubali, kadhi anaweza kuozesha, sheria ipo. Lakini binti aliyeozeshwa na kadhi wakati ami yake mzima yuko Matrah anakunywa kahawa, watu watauliza amefanya nini, na watajijibu wenyewe.

Ijumaa waliyogombana nilikuwa nimepika wali wa nazi na changu wa kukaanga, na pilipili ya kutwanga aipendayo Ami. Tulikuwa wanne tu, mimi na binti, Ami na mkewe. Mambo yalianza kwa kicheko. Ami akasema kwamba tukitaka tusitake, yule mtu kashinda, na aliyeshinda kashinda. Binti yangu akaweka kijiko.

"Ami, hata kura nyingi hakupata. Aliyeshindwa ndiye aliyepata nyingi."

"Wana hesabu yao ya majimbo. Kashinda kwa hesabu yao."

"Hesabu gani hiyo, wachache wawatawale wengi?"

"Ndiyo kanuni walioiweka wenyewe," Ami akasema, na nikaona kwamba hachekeshi tena. "Haya, hao wengi wafanyeje?"

"Wamtoe."

"Wamtoe vipi?"

"Waingie mabarabarani, Ami. Nchi ni yao. Wao ndio wengi. Huwezi kuwakalia watu kichwani kwa ujanja wa kuhesabu, halafu utake wanyamaze."

Ami alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani polepole, akainuka, akaenda kunawa, na maji yakamwagika muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshavaa kofia.

"Shemeji, kahawa inakuja," nikamwambia.

"N'shakunywa," akasema, naye hakuwa amekunywa. Mkewe akalichukua buibui lake, akanitazama kama mtu anayetaka kusema neno na hana pa kulianzia, akamfuata.

Ijumaa ya pili hawakuja. Katikati ya wiki mkewe akanipigia simu, sauti ndogo, akaniambia Ami kasema hivi: "Mwambie shemegi atafute kadhi."

Nilikasirika, sitaficha. Mzee mzima, aliyembeba mtoto huyu mgongoni, asuse kumwozesha kwa ajili ya rais wa wenyewe! Nikamgeukia na binti yangu, kwa kuwa hasira haichagui. Nikamwambia aende Matrah akamwombe radhi.

"Nitamwomba radhi kwa kupandisha sauti," akasema. "Kwa niliyoyasema sitamwomba. Ni kweli, Mama."

Na hapo ndipo penye taabu, yalikuwa kweli. Nami nilimlea aseme kweli, sasa ningemwambiaje aimeze?

Nikampigia mke wa Ami kutoka ofisini, mlango nimeufunga. Nikasema yote, kwamba mumewe ni mkaidi, kwamba anampenda yule Mmarekani kuliko damu yake. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Wewe kwenu bara, dada yangu. Huna makosa."

Ni kweli, mimi kwetu Tabora. Sisi tuliondoka Afrika nikiwa msichana, kwa ndege, na masanduku yetu, na majirani walitusindikiza wanalia. Watu wa Unguja hawakuondoka hivyo. Nilikuwa nalijua hilo kwa juu juu, kama anavyolijua kila aliyeolewa na nyumba za Unguja: kwamba palikuwa na mapinduzi, kwamba baba mkwe hakutoka, kwamba mume wangu alikuwa mtoto na hakupenda kuulizwa. Nilichokuwa sikijui ni uchaguzi.

"Kabla ya yale mambo watu walipiga kura," akaniambia. "Na Ami yenu kapiga, mara moja tu katika umri wake, maana hapa tangu tuje hajataka kupiga tena. Upande wake ndio uliochukua serikali. Lakini kura nyingi walipata wenzao. Wao viti, wenzao kura. Maneno ya mwanao, dada, ndiyo yale yale tuliokuwa tukiyasikia nje ya madirisha."

Nikabaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata, na mtu akagonga mlango, sikuitika.

Jioni nikamwambia binti. Alikuwa anajaribu viatu vya harusi, kimoja mguuni, kimoja mkononi. Akakaa kitandani. Nilidhani atalia. Akasema, "Twende Matrah."

Tukaenda siku ya pili yake alasiri. Kulikuwa na meli ya watalii bandarini na magari yamejazana, tukaegesha mbali, tukakata kwa miguu kwenye vichochoro. Ami alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kutokasirika, nikaona jinsi alivyoushika uso wake. Hakuna mtu wa nyumba ile anayemfukuza mgeni. Akatukaribisha, akatuuliza hali, tukasema njema, tukamuuliza hali, akasema njema. Mkewe akaleta tende na buli la kahawa, na Ami akamimina kwa mkono wake.

Mimi nikanywa. Binti yangu akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, akakiweka chini mbele yake, akaweka mikono mapajani.

Ami akakitazama kile kikombe. Sote tulikitazama. Nilijua binti anachotaka, na nikamshukuru Mungu kwa akili aliyompa mwanangu: amekuja kumwomba awe walii wake, kwa mlango ambao Ami mwenyewe alimfundisha kuupita.

"Inapoa," Ami akasema.

"Ipoe, Ami."

Mkewe ameshika buli hewani, hamimini wala haliweki. Ami akapitisha mkono usoni, na alipoushusha alikuwa amechoka kuliko nilivyopata kumwona.

"Haya," akasema. "Umepewa. Kunywa."

Binti akanywa, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba inatosha, akakirudisha.

"Enhe," Ami akasema, "nimetoa nini?"

"Nataka unihadithie siku uliyopiga kura."

Nikatamani kumfinya. Mlango umefunguliwa, harusi iko mkononi, yeye anaomba hadithi! Ami naye alishtuka, akamtazama mkewe, akajua habari imetoka wapi. Lakini alikuwa ameshasema umepewa, na huyu si mtu wa kurudisha neno.

Akaanza kwa mbali. Kwamba alikuwa kijana, hajaoa. Kwamba alivaa koti la baba yake, linampwaya. Kwamba foleni ilikuwa nje ya skuli na jua kali, na mbele yake alisimama rafiki yake wa mtaani, aliyesoma naye chuo cha Kurani na skuli, na kila mmoja akijua mwenzake anampa nani.

"Tukitaniana kwenye foleni," akasema. "Akinambia nyinyi mwisho wenu leo, nami nikimwambia tutaonana kwenye kuhesabu. Tukapiga, tukatoka, tukaenda kula mishikaki. Kalipa yeye. Sijaiona siku nyengine nimejiona mtu mzima kama siku ile."

Akachukua tende, akaigeuza vidoleni. Hakuna aliyemhimiza.

"Tukashinda," akasema. "Na wenzetu kura zao zilikuwa nyingi kuliko zetu. Hilo nnalijua, mwanangu. Sikungoja weye unambie. Nimelijua umri wangu wote. Baba akisema kanuni ni kanuni, majimbo ndivyo yalivyohesabiwa, nasi tukimwitikia. Na mie moyoni nikimfikiri rafiki yangu, nikisema, lakini wao ni wengi."

"Kisha?" binti akauliza, sauti yake imeshuka.

"Kisha siku ile ilipofika akaja. Yeye, rafiki yangu. Kasimama mlango wa nyuma, hakuingia. Akasema tokeni, tokeni sasa hivi. Mama akatuchukua, mie na babako na wadogo. Baba hakutaka. Akasema yeye hakumdhulumu mtu, aondoke kwa nini. Hatukumuona tena. Na yule rafiki mpaka leo sijui. Katuokoa, au alikuwa na wenziwe na kaona haya tu? Sijui. N'likuwa na mzee mwenzangu mmoja nikimuuliza habari zake, kafa naye, sasa sina wa kumuuliza."

Binti yangu alikuwa analia bila kujifuta. "Ami, mimi sikusema wauawe watu."

"Nnajua," Ami akasema. "Hata yule rafiki yangu hakusema."

Hakusema kwa ukali, alisema kama anayeeleza jambo tu. Nikainamisha kichwa. Miezi yote ile nilidhani namsikiliza mzee anayempenda mwanasiasa wa nchi ya mbali kwa sababu ana mdomo. Kumbe huenda hakuwa akimtetea yule mtu kabisa. Alikuwa anaitetea ile hesabu, na baba yake aliyeiamini, na kijana mwenye koti linalompwaya. Na huku ndani akijua kwamba waliopinga nao walikuwa na haki yao. Mtu anawezaje kulibeba jambo hilo pande zote mbili kwa miaka yote hiyo, na kila Ijumaa akala wali kwangu akatuchekesha? Mimi nisingeweza. Ningeshachagua upande mmoja nikapumzika.

Tukaaga. Habari ya akdi hakuigusa yeye, na binti hakuigusa. Ndani ya gari nikashindwa kuvumilia.

"Na harusi je? Umepewa ukaomba hadithi!"

"Ile ningeiomba kwa kahawa, angelazimika kunipa," akasema. Alikuwa anatazama mbele. "Sitaki aje kwa kulazimika."

"Na asipokuja?"

"Basi hajaja, Mama."

Usiku ule nilimchukia kidogo na kumstahi sana. Siku zilizofuata nilifanya yote ya mama wa harusi huku roho iko juu. Nilijaribu mara kadhaa kumpigia mke wa Ami, nikaikata simu kabla haijaita. Nilikuwa na namba ya kadhi kwenye mkoba, na nilimwomba Mungu isije ikanilazimu kuitoa.

Siku ya akdi wanaume walikaa upande wao, sisi wanawake upande wetu, binti yangu katikati, amevaa kijani, mikono ina hina. Nilikuwa karibu na dirisha. Gari ilisimama nje na mlango ukachukua muda kufunguka, muda wa mtu mwenye miguu mibaya. Akashuka amevaa joho na kilemba, jambia kiunoni, kama anakwenda kwa mfalme. Nikakaa chini, nikalia hapo hapo mbele ya watu, na mwenye kucheka alicheka.

Kabla ya kuozesha, walii huja kwa bibi harusi na mashahidi wawili kumuuliza kama ameridhia. Kila mtu anajua jambo hilo linavyokwenda. Binti huinamisha uso asiseme kitu, kwa haya, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake, na wanawake hupiga vigelegele. Ami akasimama mlangoni, mashahidi nyuma yake, akamuuliza kwa jina lake na jina la baba yake, je, ameridhia amwozeshe kwa kijana huyu. Binti yangu akainamisha uso kama tulivyomfundisha. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akavuta pumzi aanze.

Ami akainua mkono. "Ngojeni. Sijasikia."

"Kimya cha mwari ndilo jibu lake, mzee," yule mama akasema, huku anacheka.

"Kwa wengine," Ami akasema. "Mie kimya sikihesabu."

Akasogea mpaka karibu na kiti, ameegemea fimbo yake, akamuuliza tena, polepole, na akaongeza kwamba akitaka kusema hapana aseme, yeye yuko hapa, na hakuna mtu atakayemgusa.

Binti yangu akainua uso. "Nimeridhia, Ami," akasema, kwa sauti waliyoisikia mpaka wanaume wa ng'ambo ya pili. "Niozeshe."

Ami akageuka kwa mashahidi.

"Mmeisikia," akawaambia. "Kura yake ni moja, na inatosha. Twendeni."

Tulingoja mpaka fimbo yake ikapita kizingiti, ndipo tukapiga vigelegele.